Boya Lililozibwa Likiwa na Petroli Ndani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kaeni vizuri. Mama mwenye mtoto mgongoni, sogea hapa mbele, nafasi ipo. Leo siwapeleki Yerusalemu wala Babeli. Nawapeleka uani kwa mkulima mmoja, huku huku kwetu kwenye mashamba ya ngano na mahindi, na nawaomba mje na pua zenu, maana ua ule ulikuwa unanuka petroli tangu njiani.

Mkulima huyu alikuwa na trekta kuukuu. Si haya ya dizeli mnayoyaona leo. Hili lilikuwa la petroli, limeachwa na walowezi, rangi imeondoka yote, kiti chake kimebaki bati tupu na gunia. Watu walimtania kwamba trekta lake lina umri wa babu yake na ukaidi wa bibi yake. Hakujali. Kila mwaka lilimlimia ekari zake zote, na akimaliza za kwake alivuka mpaka akamlimia mjane wa jirani bila kuombwa. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, mtu wa kuamka mapema. Nasema hivi mapema ili msije mkajipumzisha mkidhani nasimulia habari za waovu. Habari za waovu hazitusumbui, tunazisikiliza huku tunatikisa kichwa kwa raha zetu.

Mwaka huo mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kupiga hodi. Mbegu zipo ghalani, udongo umelowa, majirani wameshaingia shambani. Ndipo trekta likaanza kumwaga mafuta. Akifungua koki ya tangi, petroli inashuka kwenye kabureta, inajaa, inafurika, inadondoka mchangani. Akizungusha hendeli, injini inakohoa mara moja na kunyamaza. Akifungua plagi, zimelowa chapachapa. Anazikausha, anazirudisha, zinalowa tena.

Akina mama mnanitazama hivyo mnasema, mchungaji naye na kabureta zake. Subirini, ni jambo dogo, hata mama mchungaji amelielewa jikoni. Ndani ya kabureta kuna kikombe cha kupokea petroli. Ndani ya kikombe kuna boya, kikopo kidogo cha shaba nyembamba kilichofungwa pande zote, na ndani yake ni hewa tupu. Petroli ikijaa, boya linaelea, linapanda, linasukuma sindano, na sindano inaziba tundu. Petroli ikipungua, boya linashuka, tundu linafunguka. Basi. Kazi yote ya boya ni kuwa jepesi. Likiwa jepesi, linajua lenyewe wakati wa kufungua na wakati wa kufunga.

Mkulima wetu si mjinga. Alifungua kabureta mwenyewe, akatoa boya, akalitazama juani, akaona ufa. Ufa mwembamba kama unywele. Akafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi! Akalipangusa boya kwa kitambaa, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua pale kwenye ufa, kama tunavyoziba matangi yanayovuja. Akafunga. Akafungua koki. Petroli ikafurika.

Akasema, sabuni haifai. Akatafuta gundi ya chuma, ile ya mirija miwili unayoichanganya ikakauka ngumu kama jiwe. Akapaka. Ikafurika. Akapaka tabaka la pili, akazunguka na upande wa pili kwa usalama. Ikafurika kupita jana. Tabaka la tatu. Tabaka la nne. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Kila jioni boya lile lilikuwa limezibwa vizuri kuliko jana yake, na kila asubuhi lilimwaga zaidi.

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno machache. Siku moja akamfuata pale kwenye trekta, akasimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

“Baba Naomi, mwite mdogo wako.”

“Nitamwita nikishindwa.”

“Umeshashindwa. Majirani wanapanda, sisi tunanusa petroli. Mwite.”

Mnashangaa? Alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, fundi anayejulikana tarafa nzima, anakaa ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mtu anaacha mvua zipite, anaacha mbegu zikae, wakati dawa yake iko nusu saa. Kwa nini? Niambieni, mtu anamkwepa nduguye kwa sababu gani, hasa ndugu aliyekwisha kupatana naye?

Maana walikuwa wamepatana. Hilo nalo niwaeleze, ndilo lenye uzito.

Miaka sita nyuma baba yao aliugua. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika huku. Mdogo alikuwa mbali, kwenye gereji za upande wa Shinyanga, na ujumbe ulikwenda kwa madereva wa malori. Mzee aliugua wiki tatu, akafa, akazikwa. Mdogo alipopata habari, kaburi lilikuwa limeota majani. Alikuja na hasira ya mtu aliyenyimwa hata udongo wa kumtupia baba yake. Wazee wakaitwa. Kaka mtu akasimama mbele yao akasema, “Nilimpa salamu dereva wa lori la mahindi, tena nikamsisitiza. Kama hakufikisha, kosa langu liko wapi?” Dereva akaitwa. Akaapa kwamba hakupewa salamu yoyote. Lakini nani angemwamini dereva mbele ya mzee wa kanisa? Lawama ikamwangukia dereva. Ndugu wawili wakanywa maziwa kutoka kibuyu kimoja, wakapeana mikono hapa hapa kanisani, sisi tukapiga makofi na kwaya ikaimba.

Na dereva alisema kweli. Hakuwa amepewa salamu yoyote.

Ndiyo maana mkulima alimkwepa mdogo wake. Kila wakikaa pamoja, jambo lile lilimkaa kifuani. Wakila, lipo. Wakicheka, lipo. Alijaribu kulifunika kwa wema. Alimpelekea mdogo wake debe la maharage, akampa ndama, akawa msimamizi kwenye harusi ya mtoto wake. Wema juu ya wema, na kifua kizito vile vile.

Lakini mvua haimsubiri mtu. Siku hiyo akashindwa, akatuma neno, na kesho yake asubuhi mdogo akavuka korongo na kisanduku chake cha spana.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Karibu. Hili zee limenitia aibu.”

Fundi hakukaa hata kunywa chai. Akafungua kabureta, akatoa boya, akacheka kidogo alipoona magundi yale. Kisha akafanya kitu ambacho kaka yake hakuwa amekifanya kwa wiki mbili zote. Hakulitazama. Alilitikisa sikioni.

“Kaka, hebu njoo usikie.”

Mkulima akaweka sikio. Chwa, chwa. Kitu kilikuwa kinachezacheza humo ndani.

“Ulipoliziba,” fundi akauliza, “ulimwaga kwanza kilichokuwa kimeingia?”

“Ufa wenyewe kama unywele. Ningemwagaje?”

“Basi umekifungia humo humo. Umeziba vizuri sana, kaka, sijaona mtu aliyeziba vizuri hivi. Petroli haiwezi kuingia tena. Na iliyoingia haiwezi kutoka. Halafu kila gundi uliyoongeza ni mzigo juu ya mzigo. Boya zito haliinuki. Sindano haizibi. Ungepaka mpaka Krismasi.”

“Sasa tunafanyaje?”

“Nalitoboa.”

“Unalitoboa!” Mkulima alikaribia kumnyang'anya. “Wiki mbili nahangaika kuziba, wewe unakuja kutoboa?”

“Natoboa mara mbili. Tundu moja la kutolea, lingine la kuingizia hewa. Njia nyingine haipo.”

Akachukua msumari mwembamba, akatoboa. Akaliinamisha boya, na petroli ikatoka, kidogo kidogo, ya rangi ya kahawia, ya siku nyingi. Akakwangua magundi yote kwa kisu mpaka shaba ikaonekana. Akaliweka juu ya gunia, juani. “Likae hapo mpaka harufu iishe kabisa,” akasema. “Nikileta moto wa kulehemu kabla halijakauka, tutaacha wajane wawili.”

Wakaketi kusubiri. Chai ikaletwa, wakanywa. Barabarani likapita lori la mahindi, na mtu aliyekuwa kwenye usukani akapunga mkono kuelekea uani. Fundi akageuza uso, akatema mate chini.

“Yule mtu,” akasema, “hata akifa sitakwenda kumzika. Kama alivyoninyima mimi kumzika baba.”

Wapendwa, mkulima alikuwa bado ameshika kikombe chake. Alilitazama boya pale kwenye gunia. Alimtazama mdogo wake. Alijua kabisa mambo mawili. La kwanza, trekta halijapona, kabureta iko vipande vipande, na mtu pekee wa kuirudisha ni huyu aliyeketi mbele yake. La pili, mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Niwaulize. Ungekuwa wewe, ungesema lini? Tusidanganyane, tuko mbele za Mungu. Wengi wetu tungesema, acha kwanza trekta liwake. Acha nilime, nipande, nivune, halafu siku moja nzuri, tukiwa tumeshiba, nitafute maneno. Huo ndio ungekuwa ustadi wetu. Na siku hiyo nzuri haifiki. Mimi nimezika watu wengi katika usharika huu, na siku zao nzuri nimezizika pamoja nao.

Mkulima akaweka kikombe chini.

“Mdogo wangu, dereva hana kosa. Sikumpa salamu.”

Fundi hakuelewa. “Hukumpa nani?”

“Sikumpa dereva. Sikumpa mtu yeyote. Nilinyamaza makusudi. Wiki tatu nilimwosha baba. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimbeba kumpeleka nje. Na kila akifumbua macho, jina lililomtoka ni lako. Langu hakulitaja hata mara moja. Nikasema moyoni, basi kama ni wewe tu, asikuone. Nilikuonea wivu. Nimemsingizia mtu asiye na hatia miaka sita, na wewe nimekulisha uongo kwenye kibuyu kile cha maziwa. Ndio huo ukweli wangu. Sina cha kuongeza.”

Mnataka niwaambie kwamba fundi alimkumbatia? Ningependa. Mahubiri yangekuwa mafupi, tungekwenda nyumbani. Lakini fundi alisimama. Hakutukana, hakupiga kelele. Aliokota spana zake moja moja, akazipanga kisandukuni, akafunga kifuniko, akaondoka. Kabureta ikabaki juu ya gunia vipande vipande, na boya likiwa na matundu mawili pembeni yake. Na mvua ikanyesha.

Mkewe akatoka na turubai wakafunika vile vyuma. Hakumuuliza kilichotokea, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni.

“Umemkosa fundi,” akasema.

“Nimemkosa.”

“Na usingizi?”

Mkulima akafikiri. Tangu baba yao afe hakuwahi kulala usiku mzima. Akajibu kwamba usingizi ataujua atakapolala. Kesho yake wakachukua majembe ya mkono, yeye na mkewe, wakaanza kulima ekari zile kwa mgongo. Watu wakipita barabarani walicheka, mzee wa trekta amerudi kwenye jembe! Akawaitikia salamu zao. Aliumia mgongo, mikono ikatoka malengelenge, lakini mkewe aliniambia, na namwamini, kwamba usiku ule alikoroma mpaka mbwa wakabweka.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, fundi akatokea ukingoni mwa shamba na kisanduku chake. Macho yamemwiva. Hakuamkia. Akasimama pale kwenye mfereji akauliza swali moja tu.

“Aliponiita, alikuwa anasemaje?”

Mkulima akatupa jembe. “Alikuwa anauliza kama umekula. Alidhani bado u mtoto. Kila siku, asubuhi na jioni: mdogo ameshakula?”

Hapo ndipo fundi alipolia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya shamba, na kaka yake akalia naye. Miaka sita alikuwa anadhani baba yake alikufa bila kumkumbuka. Mnaona uongo ule ulivyokuwa umekula? Kaka alidhani amemficha mdogo wake kosa. Kumbe alichomficha ni baba yao.

Walipomaliza, fundi akapangusa uso kwa mkono wa shati. “Jana nilikuwa kwa dereva,” akasema. “Nimemwomba radhi. Na wewe utakwenda.”

“Nakwenda sasa hivi.”

“Tuunge trekta kwanza, kaka. Mvua hizi zinakwisha.”

“Hapana. Litangoja.”

Akaenda na matope yake miguuni. Alichoambiwa huko na dereva ni chake, mimi sikukisikia. Aliporudi mchana, fundi alikuwa ameshaziba matundu mawili na ufa, kila moja kwa tone dogo la lehemu, basi. Boya likarudishwa kikombeni. Koki ikafunguliwa. Petroli ikashuka, ikajaa, ikasimama pale pale inapotakiwa kusimama. Hendeli ikazungushwa mara moja, ya pili, na zee likanguruma mpaka kuku wakatawanyika ua mzima.

Sitawapaka mafuta. Alipanda akiwa amechelewa, na mwaka ule mahindi yake yalikuwa mafupi kuliko ya majirani. Kusema kweli kulimgharimu mavuno. Mwambieni anayewahubiria kwamba toba haina gharama aje alime ekari mbili kwa jembe la mkono, kisha tuzungumze.

Sasa sisi. Mnajua nakokwenda. Sisi usharika huu ni mabingwa wa kuziba. Mtu amemkosea mwenzake, tunawakutanisha, tunaomba, tunapeana mikono, tunasema yameisha, yasirudiwe. Nani ameuliza yaliyomo ndani? Mke amenyamaza, tunaita amani. Ndugu wamegawana mashamba na hawasemezani, tunaita heshima. Halafu tunaongeza gundi: zawadi, tabasamu, michango ya harusi, mstari mrefu wa maombi. Na kila tukiongeza tunazidi kuwa wazito, tunashangaa kwa nini neno dogo tu la jirani linatufanya tufurike. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Mimi nawaambia kwa hakika, bila kupepesa macho: hakuna mapatano juu ya uongo. Kilichofungiwa ndani lazima kitoke, na kitatoka kwa kutoboa, na kutoboa kunauma. Aliyekosa aseme alichokosa, kwa jina lake, kwa aliyemkosea, kabla hajapata anachokitaka kutoka kwake. Mungu hashindwi na ukweli wetu. Hajawahi kushindwa.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba sasa tusimame tuimbe. Hatutaimba bado.

Mwalimu Sulle, wewe uliyeketi pale nyuma karibu na mlango. Umefundisha kwaya ya kanisa hili miaka kumi na mmoja. Mwaka jana nilikuambia kwamba baraza la wazee limekaa na limeamua upumzike. Baraza halikukaa. Wazee wako hapa, wananyamaza kwa kunistahi. Nilikuwa mimi peke yangu. Watu walikuwa wakitoka mlangoni Jumapili wakisifia nyimbo, na hakuna aliyekumbuka nilichohubiri, na ikaniuma. Baadaye nikaja kwako na mkate na sukari, tukanywa chai, tukacheka, ukanisindikiza hadi barabarani. Nilikudanganya, mwalimu. Nilikuonea wivu.

Sikuombi mkono leo. Nashuka hapa madhabahuni, nakuja hapo nyuma ulipo, kila mtu aone. Ukipenda kuondoka kabla sijafika, ondoka, hakuna atakayekulaumu. Siku utakayotaka kuniuliza lolote, nitakujibu kweli.